Kipi Kinangoja Kipi: Pate na Ratiba Zisizosogezwa

Chombo kinachotoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate kina njia mbili. Ya kwanza hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia na kushoto, maji shwari. Ya pili huzunguka Manda kwa nje, bahari kuu, ambako miezi ya kusi mawimbi huwa makubwa na abiria hulowa chapachapa. Kila msafiri angechagua Mkanda. Lakini kwa vizazi vingi Mkanda ulipitika maji yakijaa tu. Yakipwa, njia ilibaki tope na mchanga, na nahodha aliyekosea hesabu alipwelewa papo hapo na abiria wake mpaka maji yarudi. Kwa hiyo swali la kwanza la msafiri wa Pate halikuwa nauli. Lilikuwa maji yatajaa saa ngapi.

Ukishavuka, bado hujafika. Abiria wengi hushukia Mtangawanda, kisha huenda mjini Pate kwa miguu au kwa pikipiki, kwa sababu mbele ya mji wenyewe bahari ni kina kifupi kilichotandaa, na chombo chenye uzito hakikaribii ila wakati wa maji makubwa. Hapa ndipo palipokaa mji uliowahi kuogopwa pwani nzima, mji wa hariri, wa mafundi wa fedha na wa pembe za ndovu, ambao leo magofu yake yamelimwa tumbaku.

Historia ya Pate kwa kawaida husimuliwa kwa masultani na washairi wake, na haki yao wapewe. Mimi nataka kuishika upande mwingine: upande wa kazi zinazongojana, na wa watu waliopanga mambo makubwa kisiwani humo au kwa ajili yake, wakakuta kwamba tarehe moja katika mpango wao haikuwa yao.

Watu wa visiwa hivi walitumia kalenda tatu kwa pamoja. Ya Hijria ilikuwa ya ibada: kufunga, kula Idi, Maulidi. Kwa ubaharia haikufaa, maana mwaka wake hupungukiwa na siku kama 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua, na Ramadhani huzunguka, mara iwe ndani ya kaskazi, mara ndani ya kusi. Kwa pepo na kilimo walihesabu mwaka wa Nairuzi, ulioletwa na safari za Uajemi: siku 365, zikagawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za mwisho zikaitwa gatha. Ahmad ibn Majid, rubani wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika siku za kung'oa nanga kwa hesabu hiyohiyo ya Nairuzi, kwa hiyo nahodha wa Oman na nahodha wa Pate waliweza kuelewana bila mkalimani. Hesabu hiyo nayo huteleza, kwa kuwa haina siku ya ziada kila miaka minne. Lakini mtu angehitaji maisha mawili ili kuteleza huko kumharibie safari.

Kalenda ya tatu ilikuwa umri wa mwezi angani, na hiyo ilikuwa ya maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Siku za bamvua katika pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ipitayo saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Anayejua mwezi una siku ngapi hahitaji saa ya mkononi.

Juu ya hayo yote kulikuwa na pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili. Juni na Julai huchachamaa, bahari hufungwa, vyombo hupandishwa pwani vikapakwa deheni na kuzibwa nyufa. Agosti na Septemba, wakati wa demani, kusi hupoa na safari za kuelekea kaskazini huwezekana tena. Maana yake ni hii: barua kutoka Pate kwenda Maskati iliondoka na kusi, na jibu lake lilirudi na kaskazi. Hakuna dhahabu iliyoweza kulileta mapema zaidi.

Nitoe mfano wa kazi ya kila siku kabla ya kufika kwenye vita. Kwa karne nyingi mikoko ya vijito vya Pate, Ndau na Kiunga ilijenga nyumba za Uarabuni. Wakataji waliingia msituni na mashoka, wakapanga miti kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mashua ya kuibeba iliingia ndani ya kijito kwa maji ya bamvua, ikakaa juu ya tope wakati wa kupakiwa, ikasubiri maji makubwa iinuke. Tuseme wakataji wamechelewa siku 3. Bamvua imepita, maji yamekufa, na mashua iliyosheheni haielei. Itangoja karibu wiki 2. Nje huko, jahazi la Arabuni linangoja shehena hiyo, nalo lazima liondoke kabla kusi haijachachamaa. Zile wiki 2 zikilivusha tarehe yake, nahodha ana mambo mawili: aondoke nusu mtupu, au akae mpaka demani. Siku 3 zimekuwa wiki 2, na wiki 2 zimekuwa miezi. Kuchelewa huku hupanda kama ngazi: unakaa palepale kwa muda, kisha unaruka kidato kizima.

Hesabu za namna hii zilikuja kuchorwa kwenye karatasi mbali sana na Lamu. Mwaka 1896 mhandisi wa Kipolandi, Karol Adamiecki, alianza kuchora jinsi kazi moja ya kiwandani inavyofuata nyingine. Katika miaka ya 1910 Mmarekani Henry Gantt alieneza michoro ya mistari mlalo, kila kazi na mstari wake kwenye kalenda. Mwaka 1957 James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont wakatafuta, kwa msaada wa kompyuta, ule mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazongojana, ambao ukirefuka siku moja mradi wote hurefuka siku moja. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani lilitumia hesabu ya jamii hiyo kupanga makombora ya Polaris. Leo programu ya kawaida ya kupanga miradi hufanya hayo yote kwa kidole. Unaiambia kwamba kupaka rangi kunangoja kupiga lipu, na kupiga lipu kunangoja ukuta. Ukisogeza ukuta kwa wiki, lipu na rangi husogea zenyewe wiki hiyohiyo.

Ni chombo kizuri, nami sikidharau. Ila tabia yake ya kwanza ni kudhani kwamba kila mstari unasogezeka, na kwamba wiki moja ya kuchelewa huzaa wiki moja. Mpangaji mwangalifu hupigilia tarehe chache misumari: siku hii haisogei, mengine yaizunguke. Programu itamwonya mistari ikigongana na tarehe hiyo. Haitamwambia ni tarehe ipi inayostahili msumari. Hilo lazima alijue yeye, au amuulize mtu anayekaa mahali penyewe.

Pedro de Almeida alikuwa na watu wa kuwauliza. Huyu alikuwa makamu wa mfalme wa Ureno huko Goa, na mwaka 1678 alikuja mwenyewe kuitia adabu Pate, mji uliokuwa umechoka kutawaliwa na Wareno na uliokuwa ukiwaangalia Waarabu wa Oman kama wakombozi, au walau kama silaha. Alifanya hesabu ya kwanza vizuri sana. Alipitia kisiwa cha Msumbiji, akapanda na kusi, akatokea mbele ya Pate mwezi wa Agosti. Mfalme wa Faza, mji ulio upande wa pili wa kisiwa hichohicho, alikuwa upande wake, kwa sababu Faza na Pate zilikuwa na ugomvi wa zamani kuliko Wareno. Na kwa miezi ya Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba, hakuna merikebu ya Oman iliyoweza kuteremka pwani. Bahari yenyewe ilikuwa imemlindia mlango.

Mji ukaangukia mikononi mwake. Watawala wa Pate, Siyu, Lamu na Manda walikatwa vichwa. Kama angeondoka hapo, pengine vitabu vya Goa vingeandika ushindi uliokamilika. Lakini alikaa. Kulikuwa na mali ya kukusanya, na kila kazi iliingoja nyingine: kuteka, kuhukumu, kupekua, kupakia. Desemba ikaingia, upepo ukageuka, na Januari 1679 merikebu za Oman zikaonekana. Wareno wakajitoa, wakarudi Msumbiji, na huko de Almeida akafa mapema mwaka huohuo.

Simulizi za Kireno huzungumzia ushujaa na usaliti. Ninavyoona mimi, jambo ni dogo na baya zaidi: mtu huyu aliutumia upepo kama saa ya kuanzia, akasahau kuwa huohuo ni saa ya kumalizia. Kaskazi ya mwaka huo haikuwa ajali. Kila mvuvi wa Pate angeweza kumtajia mwongo ambamo ingeanza kuvuma.

Miaka 17 baadaye ratiba hiyohiyo ilirudi kwa ukubwa zaidi, safari hii Mombasa. Imamu Saif bin Sultan wa Oman alituma merikebu zake, zikafika Machi 1696, mwishoni mwa kaskazi, zikaizingira Ngome ya Yesu. Pate ilikuwa na Waomani. Faza ilikuwa na Wareno, kama ilivyozoea, hata mtu wa jamaa ya mfalme wake, Bwana Daud, alikuwa ndani ya ngome pamoja na jamaa zake. Kisiwa kimoja kiligawanyika, nusu nje ya ukuta, nusu ndani.

Tazama sasa mambo yanavyongojana. Walio ngomeni wanahitaji chakula, baruti na watu kutoka Goa. Habari za njaa yao huenda Goa na kusi. Goa hukusanya watu na merikebu, kazi ambayo serikali iliyofilisika haiifanyi kwa haraka, kisha hungoja kaskazi ianze. Merikebu hufika Mombasa, na zisipoweza kukaa chini ya mizinga, huendelea kusini mpaka Msumbiji, ambako hukwama mpaka kusi izirudishe. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa kuomba na kupewa ulikuwa karibu mwaka mzima. Mtu mwenye njaa ana ratiba nyingine kabisa.

Msaada wa kwanza kutoka Goa ulifika mwishoni mwa 1696, ukashusha watu na vyakula, na merikebu zikashika njia ya Msumbiji. Mwaka uliofuata maradhi yaliingia ngomeni. Agosti 1697 kamanda wa mwisho wa Kireno aliyekuwa amebaki ngomeni alikufa, na amri ya ngome kubwa kuliko zote za Ureno katika pwani hii ikabaki kwa Bwana Daud wa Faza, akiwa na jamaa zake wachache, watumishi, na wanawake waliobeba silaha na kukaa zamu ukutani. Waliishikilia. Septemba, kusi ikiwa inakatika, merikebu zikatokea Msumbiji na kuwapokea. Ni moja ya nyakati za ajabu katika historia yetu, na sijui kwa nini watoto wa shule hawaijui: bendera ya Ureno ikipepea Mombasa bila Mreno wa kuisimamia, kwa hiari ya mtoto wa kisiwa cha Pate ambaye adui yake hasa alikuwa jirani yake.

Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Siku chache tu baadaye merikebu nyingine za msaada kutoka Goa zilitokea, zikaona bendera ya Oman, zikapita. Wengi husoma tukio hilo wakasema Wareno walizembea. Lakini angalia mwezi: Desemba. Merikebu zile zilikuja na pumzi za mwanzo za kaskazi, karibu mapema kadiri ilivyowezekana kwa mwaka ule. Uzembe, kama ulikuwepo, ulikuwa wa mwaka mmoja kabla, pale msaada mdogo uliposhindwa kuvunja mzingiro. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuongeza mwendo.

Sasa tuje nyumbani kabisa, kwa watu ambao hawakuwa na udhuru wa kutoijua bahari.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Pate ilikuwa imeshuka na Lamu ilikuwa imepanda. Bandari ya Lamu ilikuwa na kina, ya Pate ilizidi kuwa tope, na wafanyabiashara hufuata kina. Lamu yenyewe ilikuwa na mikono miwili, Zena na Suudi, na mikono hiyo haikupatana, jambo lililowapa majirani tamaa. Sultani wa Pate alifanya shauri na Wamazrui wa Mombasa, waliokuwa wamekataa utii kwa nasaba ya Albusaidi wa Oman: majeshi ya miji miwili yashuke Lamu, wauchukue mji. Wakati huo Lamu walikuwa na ngome ambayo ujenzi wake ulianza lakini haujaisha, kuta zipo, kazi imesimama. Wazee wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mgumi ambaye jina lake limebaki katika masimulizi, waliamua kutongoja ngome. Wangepigana nje.

Majeshi ya Pate na Mombasa yalitia nanga Shela. Wanahistoria huiweka siku hiyo kati ya mwaka 1812 na 1814. Shela ni ncha ya kisiwa cha Lamu iliyo karibu na bahari kuu, pwani ya mchanga mrefu na vilima vya mchanga nyuma yake, mahali pazuri pa kushusha watu. Ukija na maji yaliyojaa, chombo kinakaribia mpaka nchi kavu, watu wanaruka na silaha zao bila hata kulowa kiunoni. Hilo ndilo walilofanya. Mpango wao, kadiri tunavyoweza kuusoma kutokana na walivyofanya, ulikuwa na kazi tatu zinazofuatana: kushuka, kupigana, kuingia mjini. Ya nne, kurudi chomboni, haikuwemo, maana walitarajia kulala Lamu.

Watu wa Lamu, Zena na Suudi pamoja, walitoka na kuwakabili. Vita vilipogeuka, wageni walirudi nyuma kukimbilia vyombo vyao, na hapo ndipo walipoikuta pwani ambayo si ile waliyoshukia. Maji yalikuwa yamepwa. Majahazi na mashua vilikuwa vimelala ubavu juu ya mchanga. Chombo kilichosheheni watu hakisukumwi majini kwa mikono wakati adui yuko mgongoni. Walikwama kati ya mikuki na bahari iliyowakimbia. Waliouawa walikuwa wengi kiasi kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ulifukua mifupa katika vilima vya Shela, na wazee wakaionyesha kwa watoto.

Nimewahi kusikia watu wakilieleza jambo hili kama miujiza, au kama dua za wacha Mungu wa Lamu, na simkatazi mtu imani yake. Ila fikiria nani walikuwa ndani ya vyombo vile. Hawakuwa Wareno. Walikuwa watu wa Pate, waliozaliwa kwenye mji ambao haufikiwi na chombo ila kwa maji makubwa, ambao tangu utotoni walihesabu umri wa mwezi kabla ya kwenda kuvua. Kujua kwamba maji yatapwa baada ya saa sita walijua wote. Walichokosa ni kufunga kamba kati ya mambo mawili. Waliunganisha kushuka na kujaa kwa maji, wakafanya barabara. Hawakuunganisha kurudi na kupwa kwake, kwa sababu kurudi hakukuwa kazi kwenye orodha yao, na kazi isiyo kwenye orodha haina saa.

Matokeo yake yalipita Shela. Lamu waliogopa kisasi, wakatuma ujumbe Oman kwa mtawala wake wa Albusaidi, Sayyid Said bin Sultan, kuomba ulinzi. Naye akaleta liwali na askari, ngome ikamalizwa kufikia 1821, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 majeshi yake yakawaondoa Wamazrui Pate. Kutoka hapo njia ilifunguka mpaka Unguja kuwa makao ya Albusaidi. Sitaki kusema kwamba himaya nzima ilining'inia kwenye saa za maji za siku moja. Sayyid Said alikuwa na tamaa zake na angepata mlango mwingine. Lakini mlango alioupitia ulikuwa huo, na waliomfungulia ni Pate na Mombasa wenyewe.

Zaidi ya miaka 190 baadaye, tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walikutana Lamu kuzindua mradi mkubwa wa uchukuzi uitwao LAPSSET. Bandari mpya ilipangwa bara, Magogoni, ikitazamana na Ghuba ya Manda. Pate iko ng'ambo ya ghuba hiyo, na wavuvi wake hutega humo. Karatasi zilitaja magati 32, reli mpaka Juba na Addis Ababa, barabara, bomba la mafuta, mtambo wa kusafishia mafuta, viwanja vya ndege na miji ya watalii. Safari hii uwezo wa kupanga haukukosekana. Mradi wa ukubwa huu huja na wahandisi washauri na michoro ya mistari mlalo inayojaza ukuta.

Ukiuliza kipi kinangoja kipi, unapata mnyororo wa namna hii. Gati linahitaji shehena. Shehena inahitaji barabara na reli. Reli inahitaji mkopo, na mkopo unahitaji mafuta yatakayoulipa. Mafuta yanahitaji bomba, na bomba linahitaji amani Sudan Kusini na ridhaa ya Uganda. Kwa mantiki hiyo gati lingekuwa karibu na mwisho wa foleni. Lakini gati ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wa Kenya peke yake, kwa hiyo lilianza. Silaumu moja kwa moja. Mara nyingine unajenga unachoweza ili wengine wakuamini. Ila ndivyo mpangilio ulivyogeuzwa.

Kisha tarehe zisizosogezwa na Nairobi zikaanza kujitokeza. Meles alifariki Agosti 2012. Desemba 2013 Sudan Kusini iliingia vitani. Juni 2014 mji wa Mpeketoni, Lamu bara, ulishambuliwa, na usalama wa barabara zote za Lamu ukawa swali. Mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ilianza kuporomoka. Agosti 2015 Kenya na Uganda zilikubaliana bomba lipite Lokichar hadi Lamu. Aprili 2016 Uganda ikatangaza kwamba bomba lake litakwenda Tanga. Kila moja ya haya, lingewekwa kwenye programu, lingesukuma mistari mingi kulia. Mstari wa gati ulikaa palepale, mkandarasi akiwa China Communications Construction Company, na kazi ikaendelea kana kwamba haijaunganishwa na kitu.

Wavuvi nao walikuwa na mnyororo wao, mfupi na usio na karatasi. Uchimbaji wa njia ya meli ulivuruga matope, ukafuta mikoko na maeneo ya kutega katika ghuba. Kwenda mbali zaidi kunahitaji chombo kikubwa na mashine, maana miezi ya kusi mashua ndogo haitoki nje ya miamba. Na kwa sababu za usalama, serikali ilikuwa imepiga marufuku uvuvi wa usiku, marufuku iliyodumu miaka kadhaa. Aliyeweka amri hiyo aliuona usiku kama giza la kujificha. Kwa mvuvi wa Kizingitini au Faza, usiku ni nusu ya kalenda: siku ambazo maji mazuri huangukia saa za giza ni nyingi sawa na zile yanapoangukia mchana, na samaki wengine hawavuliwi mchana kabisa.

Kesi ya kuulalamikia mradi ilikuwa imefunguliwa tangu 2012. Mwishoni mwa Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua, na sehemu ya hukumu hiyo ingeweza kuandikwa na mpangaji wa miradi. Sheria ilitaka tathmini ya kimkakati ya mazingira kwa mradi mzima ifanywe kwanza, ndipo zije tathmini za kipande kimoja kimoja kama vile magati. Mradi ulianza bila ile ya kwanza. Wananchi walipaswa kushirikishwa kabla ya uamuzi. Walifikiwa kidogo na kwa kuchelewa. Mahakama iliagiza wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka mingine ilipita kabla fedha hazijaanza kuwafikia.

Gati la kwanza lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021, na meli ya CAP Carmel ikafunga kamba. Mengine mawili yalifuata, kila moja la mita 400, katika maji ambayo kwa kina hayana mfano mwingine Kenya. Meli za Magogoni hazingoji bamvua wala kaskazi. Barabara ya kuunganisha bandari na Garissa na Isiolo ilikuwa haijakamilika siku ya ufunguzi, reli ilikuwa haijaanza, bomba la Uganda lilikuwa limeshahama. Kwa hiyo shehena iliyotafutwa kwanza ilikuwa ile ya kushushwa kutoka meli kubwa na kupakiwa meli ndogo zinazokwenda bandari nyingine. Katika orodha ndefu ya mwaka 2012, hiyo ndiyo kazi iliyoweza kuanza bila kungoja lami.